Timu yetu ilibeba ubingwa wa mkoa, msimu huu inapigwa na kila mtu. Naombeni ushauri wakuu

Katibu_Rungwe
Wakuu habari za jioni. Mimi ni katibu wa timu moja ya huku Tukuyu, jina naliacha maana viongozi wenzangu wengine wamo humu. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tunaiburuza wilaya nzima, afu msimu uliopita tukachukua ubingwa wa mkoa, kitu ambacho timu haijawahi kufanya tangu ianzishwe, bodaboda zilisindikiza kombe toka stendi mpaka kiwanjani watu wamejaa barabarani. Sa hivi kocha ni yuleyule, kiwanja kilekile, wachezaji karibu wote walewale, lakini tunafungwa na timu ambazo mwaka jana tulikuwa tunazipiga nne.

Walioondoka ni wawili tu. Winga kachukuliwa na timu ya Mbeya mjini, kiungo yuko Mafinga, kapata kazi kwenye mbao na anachezea huko wanampa posho. Waliobaki wanakuja mazoezini wakijisikia, na zile hela za pongezi zimeleta maneno, fulani kapewa zaidi ya fulani. Mashabiki wanataka kocha aondoke. Mwenyekiti yeye anataka ile hela ya mdhamini wetu (mnunuzi wa parachichi) yote iende kwenye kuleta wachezaji kutoka Dar. Kikao ni Jumapili na mimi ndo naandaa ajenda.

Wazee wa hapa kila siku wanatutajia Tukuyu Stars, imepanda ligi kuu na kubeba ubingwa mwaka huohuo 1986, afu leo vijana wanaisikia kwenye hadithi tu. Naogopa na sisi tunaelekea kulekule. Hivi kwa nini timu inaporomoka ikishafika juu, na sisi tuanze na lipi?

Straika_Mwanjelwa
Kocha aende mkuu, msipoteze muda. Leicester walibeba ligi ya Uingereza 2016, msimu uliofuata wakawa wanaelekea kushuka daraja, Februari 2017 wakamtoa kocha Ranieri na hapohapo wakashinda mechi tano za ligi mfululizo. Wachezaji wakishamzoea mtu hawamsikii tena.

Mzee_wa_Sokoine
Hapo juu umesema kweli ila umeikata nusu kijana wangu. Leicester ile iliyobeba kombe ilikuwa na kiungo Kanté pale kati, kiangazi kilekile akauzwa Chelsea na Chelsea wakawa mabingwa naye msimu huohuo. Kubadilisha kocha kuliwaokoa wasishuke, wakamaliza wa 12, ila pengo la Kanté kocha mpya hakulijaza. Katibu anasema "wameondoka wawili tu", mimi ningetaka kujua hao wawili walikuwa wanafanya kazi ya watu wangapi.

Tuache Ulaya, tuje hapa nyumbani. Mbeya City imepanda 2013, msimu wa kwanza tu ligi kuu ikamaliza ya tatu, uwanja wa Sokoine ulikuwa unajaa mpaka unakosa pa kusimama. Simba na Yanga walikuwa wanakuja huku hawajui wanacheza na nani. Mwaka 2015 Kaseke akaenda Yanga, Mwalyanzi akaenda Simba, na kabla mwaka haujaisha kocha Mwambusi mwenyewe aliyeijenga ile timu naye akaenda benchi la Yanga. Siwalaumu hata mmoja, mtu anatafuta maisha. Ila ukifanikiwa tu unakuwa umewatangaza watu wako, na kila mwenye hela anajua pa kuja kuwachukua. Na wale wasiochukua mtu wanakuja wamejipanga, wanajua winga wako anaingia na mguu gani. Mbeya City haikufa siku moja, imehangaika miaka mpaka 2023 ikashuka kwa mechi za mchujo na Mashujaa, imerudi ligi kuu 2025. Katibu, hivi mnacheza vilevile kama msimu uliopita? Kama ndiyo basi wenzenu wameshawasoma.

Dada_wa_Gangilonga
Kamwene wote. Mimi niko Iringa, ni Man United na hili limeniuma kwa miaka kwa hiyo nimelifikiria sana. 2013 tulichukua kombe la 20 la ligi tukiwa mbele ya Man City kwa pointi 11, ukiangalia msimamo unasema timu hii haina shida. Lakini Scholes alikuwa anastaafu, Giggs alikuwa ana miaka 39, Ferdinand, Vidić na Evra wote wamekula chumvi, Van Persie ndo alitubeba kwa mabao yake na alikuwa anakaribia 30. Kocha wetu Ferguson akastaafu na David Gill aliyekuwa anasimamia usajili akaondoka kiangazi hichohicho. Yani anayejua mpira na anayejua kununua wameondoka pamoja. Kocha mpya Moyes hakumaliza hata msimu, tukawa wa saba, watu wakasema Moyes Moyes, kumbe timu ilikuwa imechoka tangu tukiwa tunashangilia.

Ninachotaka kusema kaka katibu, ukiwa unashinda hakuna kiongozi anayethubutu kumwambia mchezaji aliyemletea kombe kwamba nafasi yako sasa inatafutiwa mtu, anaonekana hana shukrani. Mshukuruni mtu kwa heshima yote, mpeni hata cheo kwenye timu, ila namba uwanjani apewe anayestahili wiki hiyo. Sisi tulichanganya hayo mawili na tumeyalipia miaka yote hii.

Jangwani_Makambako
Mwenyekiti wenu angeangalia Simba na Yanga kwanza kabla ya kukimbilia Dar. Simba walichukua ligi mara nne mfululizo mpaka 2021, wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, afu dirisha moja wakawauza Luis na Chama kwa pamoja. Oktoba ileile Jwaneng Galaxy ya Botswana wakaja kuwatoa palepale uwanja wa Mkapa 3-1, wakati ugenini Simba walishinda 2-0, jumla 3-3, Galaxy wakapita kwa mabao ya ugenini. Ligi ikaenda Yanga.

Sasa Yanga 2023 wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakaondoka Mayele, Fei Toto, Bangala, Djuma na kocha Nabi. Kwa hesabu ya wengi humu walitakiwa waanguke, ila msimu uliofuata wakabeba ligi tena. Aziz Ki alishakuwa ndani ya timu mwaka mzima, akafunga mabao 21, Pacôme akaletwa akakuta kikosi kinachojuana. Kwa hiyo kuondoka kwa watu peke yake hakuui timu. Inaua pale anayeondoka hana mtu nyuma yake ambaye ameshacheza na wenzake.

Katibu_Rungwe
Nimewasoma wote, nashukuru sana. Mzee wa Sokoine ndiyo, tunacheza vilevile, mipira yote inaenda kulia kwa winga ambaye hayupo tena, aliyewekwa pale ni beki wa zamani. Na hatuna kikosi cha vijana, tulikuwa nacho kikafa mwaka uleule tulioanza kushinda kwa sababu hela yote ilienda timu kubwa. Ila mwenyekiti atasema vijana watatuchelewesha na mdhamini anataka matokeo.

Mzee_wa_Sokoine
Mdhamini aje kwenye kikao, mwelezeni kwamba mchezaji wa Dar atakuja kwa mkopo wa miezi michache, akiona baridi ya Tukuyu na nauli imechelewa ataondoka mwezi wa pili. Ombeni hela igawanywe, sehemu iende kwa mtu mmoja au wawili wenye uzoefu na nyingine ifufue hao vijana, wawe wanafanya mazoezi uwanja mmoja na wakubwa. Na yale mambo ya hela za pongezi yamalizeni kwanza, andikeni kila aliyepewa na kiasi, msome mbele ya wachezaji wote. Timu yenye minong'ono haifundishiki, kocha mpya atakuja kukutana na minong'ono ileile.

Straika_Mwanjelwa
Mzee nimekuelewa. Kocha abaki basi ila apewe msaidizi kijana anayeweza kumbishia.

Dada_wa_Gangilonga
Hilo la msaidizi liwekwe kwenye ajenda kaka katibu, juu kabisa, kabla ya usajili.

Jangwani_Makambako
Katibu nicheki inbox. Kuna dogo hapa Makambako winga wa kulia, anamaliza form four Novemba na mama yake ni mtu wa Tukuyu, likizo zote yuko huko. Kama mtampa sehemu ya kulala na nauli ya mazoezi atakuja.