Wakala wa Mbeya aliyetuuzia nyangumi mwezi Desemba: soma kabla hujatoa hela yako

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Uyole, wiki ya pili hii tangu turudi na hasira haijashuka. Kama una ndugu Mbeya, Iringa au Njombe anayejipanga kwenda kisiwa cha Mafia kuona nyangumi, mwonyeshe uzi huu leo hii.

Tuko tisa kwenye kikundi, wengi wakulima wa viazi. Mwaka mzima tumechanga, laki saba na nusu kila mtu, tukampa wakala mmoja hapa mjini. Ofisini kwake ukutani kuna picha kubwa ya nyangumi mwenye nundu karuka nje ya maji. Mama mkwe wangu ana miaka sitini na nane na alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alisimama mbele ya ile picha akamuuliza, "Mwanangu, huyu tutamwona kweli?" Jamaa akajibu bila kupepesa, "Mama, huyo ni uhakika. Desemba wamejaa."

Desemba, wakuu! Nyangumi wenye nundu wanatoka kwenye bahari za baridi huko kusini kabisa, wanafika pwani yetu kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba, Novemba, kuzaa na kunyonyesha, halafu wanarudi kusini kwenye chakula chao. Ukienda Mafia wakati wa Krismasi unakuta msimu wa papa potwe. Potwe ni samaki. Anapumua kwa matamvua na kula vijidudu vinavyoelea majini. Tena ni kiumbe wa kushangaza, na ningetoa hela yangu kwa moyo mmoja kwenda kumwona, ila niambie ni potwe. Nilipompigia wakala simu kutoka Kilindoni, mji wa huko Mafia, akanijibu, "Kaka, si walewale tu? Nyie watu wa bara mtajuaje?"

Hilo jibu limeniuma kuliko hela. Tumepanda basi usiku, tumeshuka Kitonga, tukaunganisha mpaka Nyamisati, tukavuka kwa boti huku mama anatapika kwenye mfuko wa rambo, na mtu amekaa ofisini Mbeya anahesabu kwamba hatujui bahari na hiyo ndiyo faida yake.

Sasa sikilizeni yaliyotokea majini. Tulikuwa sisi tisa na watoto watatu juu yake, jumla kumi na wawili. Majaketi okozi yalikuwa matano. Nikamwambia nahodha hatuondoki, akasema wakala kalipia boti tu, majaketi ni juu yetu. Mama na watoto wakavaa, likabaki moja. Wanne wakakataa kupanda na wakabaki ufukweni na hela yao imekwenda. Niliobaki nao tulipanda, na hapo nakiri nilikosea, ilitakiwa tukatae wote.

Mbele tukakuta boti saba zimemzunguka potwe mmoja. Alikuwa mdogo bado, urefu wake umezidi Hiace kidogo tu, wakati wanaweza kupita mita 12. Manahodha wanapigiana kelele, kila mmoja anataka wageni wake waruke mbele ya mdomo wa potwe. Kila akigeuka anakuta injini. Kijana mmoja wa boti ya jirani akashika pezi la mgongoni aburuzwe, wenzake wanampiga picha. Boti yetu ilipomkaribia nikaliona lile pezi kwa macho yangu: ncha yake imekatika, na chini yake kuna mikato mitatu sambamba, mmoja bado mweupe. Hayo ni mapanga ya injini. Mwanangu wa darasa la nne akaniuliza, "Baba, mbona hawamwachi apite?" Sikuwa na la kumjibu.

Taratibu zinajulikana. Injini unaipunguza mapema na kuizima, watu wachache wanaingia majini, humgusi, humzibii njia. Tangu 2016 potwe yupo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Na wa Kilindoni wengi ni madume wachanga wanaoonekana palepale kila mwaka. Watafiti wanawatambua mmojammoja kwa madoa yao. Maana yake yule mwenye mikato mitatu atakuwepo tena msimu ujao, na boti zilezile.

Mafia wapo manahodha wanaofanya kazi kwa heshima, tuliwaona kesho yake, mmoja alizima mashine mbali kabisa. Wakala wetu alichagua wa bei ya chini, chenji akaweka mfukoni.

Nadai vitu viwili. Hela ya wale wanne waliobaki ufukweni, yote. Na ile picha itoke ukutani. Risiti ninazo, meseji zake ninazo. Kama nawe ulilipa kwake njoo PM tuandike malalamiko pamoja, maana mmoja mmoja anatuzungusha tu.

Leo asubuhi nimepita pale ofisini. Mlango umefungwa, simu haipokelewi, na chini ya picha ileile kabandika karatasi mpya: "Pasaka Mafia, uone nyangumi, nafasi chache."