Samaki kangaja mgeni katoka vidoa vyeupe siku ya nne: nimimine dawa ndani ya tangi?

Samaki wa Sakina

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nahitaji msaada wa haraka.

Tangi ni la lita 240, lina miezi minane. Ndani kuna mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe), matumbawe laini kiasi na kamba safishaji mmoja. Wenyeji ni samaki klauni wawili. Jumamosi nimeongeza kangaja wa buluu, inchi tatu, ametoka Tanga mpaka huku Arusha kwa basi. Kwenye mfuko amekaa kama saa kumi na moja. Nilifungua mfuko, nikamdondoshea maji ya tangi kwa mrija kwa saa moja na nusu, ndipo nikamwachia. Vipimo vya leo: chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu), joto nyuzi 25, amonia na nitraiti sifuri.

Ana punje nyeupe kwenye mapezi na ubavuni, anajikwaruza kwenye mawe, chakula anagusagusa tu. Klauni mmoja naye ana punje mbili. Chupa ya dawa ya shaba ninayo. Nimimine humo humo?

Fundi Chumvi

Chupa iache chini kwanza. Shaba inaua kamba na matumbawe, hilo halina mjadala. Halafu mawe yako ni kalisi kaboneti: yanafyonza shaba, leo unapima iko sawa, kesho imeshuka, unaongeza, na baadaye yanakuja kuirudisha majini wakati ulishasahau. Tangi lenye mawe halitibiwi kwa shaba.

Jibu haya kabla hatujaenda mbali. Matamvua yanafunguka mara ngapi kwa dakika? Punje unaweza kuzihesabu, au ni vumbi kama amepakwa unga? Anakimbia taa? Anasimama kwenye mkondo wa pampu muda wote?

Samaki wa Sakina

Nimehesabu kwa nusu dakika, mara 38. Punje ni kama semolina, upande mmoja nimepata 20. Taa haimsumbui, na kwenye pampu hakai.

Fundi Chumvi

Basi hiyo ni Cryptocaryon, ule ugonjwa wa vidoa vyeupe wa maji chumvi. Una nafasi. Ingekuwa velveti, yaani Amyloodinium, ungeona vumbi la manjano hafifu kama la dhahabu ukimmulika tochi kwa ubavu, pumzi zingepita 100, na usingekuwa na siku tatu za kufikiri. Endelea kuhesabu pumzi asubuhi na jioni. Zikipanda ghafla usisubiri vidoa vionekane, maana kwenye matamvua huvioni.

Bi Matamvua

Ndugu wa Sakina, jambo linalowapoteza wengi ni hili: baada ya siku chache vidoa vitatoweka vyenyewe. Usishangilie. Kimelea hukaa ndani ya ngozi siku 3 mpaka 7, kinashiba, kinadondoka, kinajishikiza kwenye mchanga au jiwe na kujijengea ganda. Ndani ya ganda kinagawanyika, na kutoka kimoja wanatoka wadogo kwa mamia kutafuta samaki. Wanaoanguliwa wana siku moja hivi ya kupata mwenyeji, wakikosa wanakufa. Dawa inawapata hawa wanaoogelea tu. Aliye chini ya ngozi na aliye ndani ya ganda hawaguswi.

Kwa hiyo samaki wote watatu wanatoka, hata klauni asiye na punje. Kamba na matumbawe vinabaki. Tangi likae bila samaki siku 76, kwa sababu maganda mengine huchelewa sana kupasuka. Tupia chakula kidogo kila siku mbili ili bakteria wa filta wasife njaa.

Kumkamata kangaja usitumie wavu. Pale kwenye shina la mkia ana kisu kila upande, kinanasa kwenye nyuzi na anajichana akijitoa. Subiri usiku taa zimezimwa saa nzima, mmulike kwa tochi akiwa amejibanza, mwongoze aingie kwenye jagi la plastiki.

Mzee wa Kibosho

Kama dawa ya shaba ni ghali, huku kwetu Moshi mrututu upo kwenye maduka ya pembejeo, wenye kahawa wanaujua. Si shaba hiyo hiyo?

Fundi Chumvi

Mzee wangu, hapana. Dawa nyingi za shaba za kahawa ni oksikloridi au haidroksidi iliyochanganywa na vitu vya kuifanya ishike kwenye jani, na hivyo vitu samaki havimfai. Hata ukipata mrututu safi kabisa, kipimo chake ni karibu miligramu 0.2 za shaba kwa lita. Kwa lita 60 hizo ni miligramu 12 za shaba, sawa na miligramu 47 za mrututu. Mzani wa jikoni unaanza kusoma gramu moja. Ukikosea kwa ncha ya kisu umemuua.

Kwa dawa za dukani soma chupa ni ya aina gani. Cupramine inakwenda 0.5 mg/L, Copper Power 2.5 mg/L. Ukichukua kiwango cha ya pili ukakitia kwenye ya kwanza, asubuhi unakuta wamelala ubavu. Panda taratibu kwa siku mbili, kaa kwenye kiwango siku 30 mfululizo. Kikishuka chini hata siku moja, hesabu inaanza upya. Na usichanganye shaba na dawa ya kuondoa amonia, inaigeuza shaba kuwa sumu kali zaidi. Kama huna kifaa cha kupimia shaba majini, usitumie shaba. Tumia njia ya kuhamisha.

Samaki wa Sakina

Kipimo cha shaba sina. Kuhamisha ndiyo vipi?

Bi Matamvua

Unatumia muda badala ya dawa. Tafuta mapipa mawili ya plastiki ya lita 40 ambayo hayajawahi kuona sabuni. Kila moja liwe na hita yake, jiwe la hewa lake na kona mbili tatu za bomba la PVC za kujificha. Hakuna mchanga, hakuna jiwe, hakuna sponji.

Siku ya 1 samaki wanaingia pipa A. Siku ya 4 wanahamia B, siku ya 7 A, siku ya 10 B, siku ya 13 wanakwenda tangi safi la uangalizi. Vimelea vinadondoka na kubaki nyuma kabla havijapasuka. Saa 72 ndiyo mwisho, usizipitishe. Ukihama Jumatatu saa mbili asubuhi, Alhamisi uhame saa moja. Hamisha na maji kidogo uwezavyo. Pipa lililotoka samaki linamwagwa, linasuuzwa pamoja na vifaa vyake na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa, na kukauka ndiko kunakoua maganda.

Chumvi ni kama gramu 36 kwa lita, kwa hiyo mijazo mitano ya lita 40 (minne ya mapipa, mmoja wa tangi la uangalizi) inakula kilo 7 na kidogo. Iwe chumvi ya akwariamu, si ya mezani. Ikoroge na pampu siku moja kabla, joto na chumvi vilingane na pipa wanakotoka. Amonia pima kila siku, maana filta haipo. Lisha kidogo na nyonya mabaki.

Velveti haiponi kwa njia hii. Ndiyo maana Fundi alikuuliza yale maswali.

Hewa Kwanza Njiro

Naongeza la kwetu Arusha, maana vitabu vimeandikwa na watu wa pwani. Tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Maji chumvi ya nyuzi 26 ambayo Tanga yangebeba miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita, hapa yanabeba kama 5.6. Samaki mwenye vimelea kwenye matamvua anauhisi huo upungufu. Weka jiwe la hewa la pili, uso wa maji utibuke kwa mapovu.

Julai usiku hita ya pipa ifungwe kwa kamba mbali na ukuta wa plastiki, na pipa livikwe blanketi. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu, umeme ukikatika usiku pipa la lita 40 halisubiri mapambazuko.

Halafu mrija wa saa moja na nusu ulimuumiza. Ndani ya mfuko uliofungwa kaboni dayoksaidi inashusha pH, kwa hiyo amonia iliyojaa mle haina makali. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu zaidi ya mara kumi huku samaki bado anaogelea humo. Aliyetoka safari ndefu: elesha mfuko ukiwa umefungwa dakika 20, fungua, mhamishe papo hapo. Muulize muuzaji chumvi yake ni ngapi, uandae maji ya karantini yanayolingana. Maji ya mfuko mwaga.

Samaki wa Sakina

Asanteni. Mapipa nimepata, chumvi inakoroga tangu jana saa kumi. Klauni mmoja anatikisa kichwa kama anajikuna shavu, ila upande huo punje sioni. Ni kitu kingine?

Bi Matamvua

Huenda ni minyoo bapa ya matamvua, inaonekana kama kioo. Wakati wa kuhama, mchovye klauni dakika tano kwenye maji yasiyo na chumvi wala klorini, ya RO (yaliyochujwa kwa utando) ukipata, joto lile lile, na bikaboneti ya soda mpaka pH 8.2. Jiwe la hewa ndani, na tumia beseni jeusi. Ikiwepo, utaiona imegeuka nyeupe kama ufuta chini ya beseni. Akilala ubavu na kuacha kupumua mtoe mara moja.

Ukiiona, dawa ni prazikwanteli, ile ya kichocho: miligramu 2.5 kwa lita, mara mbili, wiki moja kati yake. Kidonge cha miligramu 600 ukikigawa sita, kipande kimoja kinatosha lita 40. Saga kiwe vumbi, ukoroge kwenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu hakiyeyuki vizuri. Maji yatakuwa na ukungu na bakteria watakula oksijeni, kwa hiyo hewa usipunguze. Fanya kwenye tangi la uangalizi, baada ya siku ya 13. Ukitia sasa utaimwaga na pipa.

Samaki wa Sakina

Nimeelewa. Usiku huu nazima taa saa tatu, saa nne naingia na jagi.