Steringi kashindwa kuchagua, mbona anayelipa ni mwanamke?

Mleta mada

Wadau, naomba tuzijadili hizi filamu za mapenzi ambazo jamaa mmoja yuko kati ya wanawake wawili, anawapenda wote, au anadhani anawapenda. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili anayetaka kurusha mawe ajue pa kulenga: nyingi kati ya picha hizi zimetengenezwa kumlinda mwanaume asichague.

Saa mbili nzima tunaoneshwa anavyoteseka. Kasimama dirishani, mvua inanyesha, muziki unalia. Ikifika dakika ya kufungua mdomo aseme "nakwenda na huyu", mwandishi wa hadithi anamwondolea mwanamke mmoja. Atakufa, au atageuzwa kichaa, au atafunga mizigo na kuondoka huku akiwatakia heri. Jamaa anabaki na aliyesalia, sisi tunafuta machozi.

Chukueni Kuch Kuch Hota Hai ya 1998. Naipenda, sikatai, na naweza kuiangalia leo tena. Rahul wa Shah Rukh Khan ana rafiki yake wa chuo, Anjali (Kajol), kisha anatokea Tina (Rani Mukerji) na Rahul anamwoa. Anjali anaondoka chuoni na kilio chake. Tina anafariki baada ya kujifungua. Sawa, vifo vipo. Ila angalieni alichoacha: barua nane kwa binti yake, moja kwa kila siku ya kuzaliwa, na ile ya nane inamwachia mtoto kazi ya kumkutanisha tena baba yake na Anjali. Marehemu ndiye mshenga! Mwisho wa picha Anjali yuko kwenye harusi yake na Aman (Salman Khan), Rahul amesimama pale na machozi, na ni Aman anayemkabidhi bibi harusi. Piga hesabu: mke kapanga, mtoto kafuatilia, mchumba kaachia. Rahul kafanya nini?

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Kwenye sinema fisi anapita salama, zinazoumia ni njia.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, Rahul umemwonea. Yule hakuwa kati ya wawili hata kidogo. Wakati anampenda Tina hakujua kwamba Anjali anampenda, hadi akaenda kumsimulia Anjali huyohuyo jinsi moyo wake ulivyonaswa. Huo ni ujinga wa ujana, si tamaa. Usichanganye mtu asiyeona na mtu anayejifanya haoni.

Ukimtaka aliyegawanyika kweli, nenda kwenye Silsila ya Yash Chopra, 1981. Amit (Amitabh Bachchan) anampenda Chandni (Rekha). Kaka yake, rubani wa jeshi la anga, anafariki na kumwacha mchumba wake Shobha (Jaya Bachchan) akiwa mjamzito. Amit anamwacha Chandni na kumwoa Shobha ili mtoto wa kaka yake asizaliwe bila jina. Halafu wanapata ajali ya gari na mimba inaharibika. Hebu kaa na hilo kidogo. Sababu ya ndoa imeondoka, ndoa yenyewe ipo, na daktari aliyemtibu Shobha ni mume wa Chandni. Hapo mwandishi hakumlinda mtu, kamfungia Amit milango yote. Wajibu una haki, penzi lina haki, na hakuna mwanamke mbaya wa kumtupia lawama.

Mleta mada

Kuhusu Rahul nakuachia nusu: kipindi cha chuo hakujua. Lakini pale harusini alijua kila kitu, na bado ilibidi mwanaume mwingine amsemee.

Silsila nakubali inaanza vizuri kuliko karibu zote. Nakuuliza tu inaishaje. Amit na Chandni wamekwisha kuwaacha wenzao na kuondoka pamoja. Wamechagua! Kwa mara ya kwanza tuna mtu aliyefanya uamuzi, hata kama ni uamuzi unaotuchukiza. Basi ndege aliyopanda mume wa Chandni inaanguka. Watu wanakimbilia kwenye moto, na moto ukizimika kila mmoja karudi kwa mwenzi wake. Aliyeamua hapo ni Amit, au ni ndege?

Mchangiaji wa pili

Ni ndege. Endeleeni.

Mchangiaji wa tatu

Samahanini kaka zangu, mnabishana kama vile swali ni la Amit na Rahul peke yao. Mimi huwa namwangalia mwanamke anayetakiwa kupotea ili hadithi ifungwe. Kuna filamu moja ambayo tunajua kabisa ilivyofanyiwa ukarabati, maana mwisho wake ulipigwa mara mbili: Fatal Attraction ya 1987.

Dan (Michael Douglas) ana mke na mtoto. Mke akiwa nje ya mji, Dan analala na Alex (Glenn Close), kisha anataka kuendelea na maisha kana kwamba hakuna kilichotokea. Alex hakubali. Katika mwisho wa kwanza Alex anajiua, na Dan anakamatwa kwa kushukiwa kuwa ndiye muuaji. Maana yake uamuzi wa wikiendi moja unamfuata hadi mlangoni kwake, akiwa na pingu. Watazamaji wa majaribio hawakufurahi, wakapiga mwisho mpya: Alex anaingia nyumbani na kisu, Dan anamzamisha kwenye beseni la kuogea, Alex anaibuka, na mke ndiye anayempiga risasi. Glenn Close mwenyewe aliyapinga mabadiliko hayo, akashindwa.

Tazameni nani kashika bastola. Mwanaume ndiye aliyeanzisha yote, lakini mke ndiye aliyepewa kazi ya kuua. Wanawake wawili wamalizane wao kwa wao. Kamera inaishia kwenye picha ya familia iliyo kwenye fremu, na Dan yumo anatabasamu.

Mchangiaji wa nne

Dada, hapo umetoa ushahidi dhidi ya hoja yako. Hao waliobadilisha mwisho ni nani? Watazamaji, sisi tunaonunua tiketi. Studio ilisikiliza wateja, na wateja walitaka Alex afe. Kama kuna dhambi basi tugawane, tusimbebeshe mwandishi pekee.

La pili, filamu si hotuba ya ndoa. Mtu mwenye jibu tayari hana hadithi. Tunakwenda kumtazama anayeyumba kwa sababu kuyumba ndiko kunakoonesha mtu alivyo. Tena mnaruka picha za zamani zilizomkamua mwanaume hasa. Sunrise ya F. W. Murnau, 1927, picha bubu. Mwanaume wa kijijini ana mke, na mwanamke wa mjini anamshawishi amzamishe mkewe ziwani ili ionekane ni ajali. Mwanaume anaficha mafungu ya matete kwenye mashua, ya kumsaidia yeye kuelea. Katikati ya ziwa anainuka, mikono inaning'inia, anamsogelea mkewe. Mke anafumbata viganja, anaomba. Jamaa anashindwa. Wakifika ng'ambo mke anakimbia na kupanda tramu, mume nyuma yake anaomba asiogopwe. Wanakaa mgahawani na sahani ya keki, mke anajaribu kula na haishuki. Hakuna maneno, na hakuna ndege ya kuanguka. Ni mtu na alichotaka kufanya, wamekaa meza moja na aliyetaka kumfanyia. Ukiniambia huyo kalindwa, nitakushangaa.

Mleta mada

Umenipata vibaya na ile keki. Ni mfano mzuri kuliko wowote niliokuwa nao, kwa sababu anasamehewa mbele ya macho yetu na si nyuma ya pazia.

Ila malizia hadithi mkuu. Usiku wanarudi, dhoruba inawapiga, mume anamfunga mkewe yaleyale matete, mashua inapinduka. Anadhani mke amekufa. Anamwendea nani? Yule wa mjini, anamkaba koo, na anamwachia tu baada ya habari kuja kwamba mke yu hai. Mwenye matete ni yeye, mwenye mashua ni yeye, anayekabwa ni mwingine. Hata filamu iliyomkamua namna ile ilihitaji shingo ya mwanamke mwishoni.

Na hili la watazamaji nakubaliana nalo kabisa. Hata sisi tunapenda kulindwa. Tukikaa gizani tunajiona ndani ya yule jamaa, kwa sababu kamera imekaa naye muda wote: yeye ndiye tunayemwona akiwa peke yake, hao wengine tunawaona wakiwa naye tu. Mwanamke tusiyewahi kumwona akiwa peke yake ni rahisi kumuua.

Mchangiaji wa tano

Hapo sasa ndipo mjadala ulipaswa kuanzia. Mnaijua Two Lovers ya James Gray, 2008? Leonard (Joaquin Phoenix) amerudi kuishi kwa wazazi wake Brooklyn baada ya uchumba wake kuvunjika. Wazazi wanamletea Sandra (Vinessa Shaw), binti wa mshirika wao wa biashara, mpole, anampenda kweli. Wakati huohuo Leonard anamwangukia jirani, Michelle (Gwyneth Paltrow), ambaye naye ana mume wa mtu. Leonard ananunua pete, anapanga kutoroka na Michelle usiku wa mwaka mpya. Dakika za mwisho Michelle anakataa, anarudi kwa yule bwana. Leonard anakwenda ufukweni, karibu ajitose. Halafu anarudi nyumbani, sherehe inaendelea, anamvisha Sandra pete ileile.

Hakuna aliyekufa, hakuna kichaa. Na mleta mada asikimbilie kusema Leonard naye kachaguliwa na mwanamke mwingine, maana tofauti ni kwamba filamu inajua hivyo na haifichi. Sandra anafurahi. Sisi tunajua pete ilinunuliwa kwa ajili ya nani, yeye hajui.

Mleta mada

Sikimbilii. Hiyo naikubali. Ile pete ni shutuma tosha.

Mchangiaji wa tatu

Mimi bado. Imejua kwamba Sandra anadanganywa, ikatuonesha, ikakata hapohapo na kumwachia Leonard machozi yake. Tumepewa siri ya mwanaume tuitunze. Nipeni filamu inayoanzia asubuhi ya kesho yake, siku Sandra anapoambiwa ukweli wa hiyo pete, na kamera ibaki naye yeye hadi mwisho. Hiyo nitalipa kiingilio mara mbili.

Mchangiaji wa nne

Na Leonard tutamwona saa ngapi?

Mchangiaji wa tatu

Akija kuomba msamaha. Dakika tano zinamtosha.