Nimepewa kuandika historia ya parokia kwa ajili ya jubilei, makatekista hawaonekani. Nianzie wapi?

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo.

Parokia yetu iko mwambao wa Ziwa Tanganyika, ilizaliwa na misheni ya Karema. Kamati imenitwisha kijitabu. Habari za wazungu ninazo tele: boma la Wabelgiji la 1879, Mapadri Weupe (shirika la Wamisionari wa Afrika) kukabidhiwa 1885, Askofu Charbonnier kuwekwa wakfu Kipalapala 1887 na kufa mwaka uliofuata, mrithi wake Bridoux naye kufa 1890, ndipo Lechaptois akadumu mpaka 1917.

Babu mzaa babu yangu alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini. Nimempata kwenye picha moja tu, kasimama nyuma ya padri, na chini limeandikwa jina la padri peke yake. Mwenyekiti ananiambia, "Weka mapadri, inatosha. Ukianza kutaja wenyeji koo zitagombana." Nifanyeje?

Mwana wa Ufipa: Mkuu, mwombe paroko vitabu vya ubatizo vya zamani, vile vya Kilatini. Jina la aliyebatizwa liache kwanza, soma safu ya patrinus, yaani msimamizi. Ukiona jina moja linajirudia ukurasa hadi ukurasa, huyo hakuwa jirani mwema tu, huenda ndiye katekista. Nawa mikono kwanza, karatasi zile hazitaki jasho.

Kalamu Kavu: Na shajara. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza kila misheni iandike mambo yake siku kwa siku. Ni Kifaransa, tafuta msomaji. Halafu piga hesabu: yeye huyo alitaka ukatekumeni, yaani mafundisho kabla ya ubatizo, wa miaka minne. Kituo kina wamisionari watatu, mmoja yuko kitandani na homa, lugha bado wanajifunza. Nani alikuwa anafundisha vijijini?

Mama Jumuiya: Mwenyekiti mjibu kwa Adrian Atiman. Mtumwa aliyekombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889 na kutibu watu hapo hadi alipofariki 1956. Katekista yule! Ila mwanangu, babu yako usimtangulize. Kitaitwa kitabu cha ukoo wenu.

Mvuvi wa Usiku: Msisafishe mno jamani. Ng'ambo ya ziwa kule Mpala kulikuwa na Kapteni Joubert, mlinzi wa misheni, na bunduki zake akipigana na wafanyabiashara ya watumwa. Na Wakristo wengi wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kwa kununuliwa. Wazee wanayajua haya, yaandike.

Mleta uzi: Asanteni. Leo nimeshinda ofisini kwa paroko. Kitabu cha kwanza mchwa wamekula pembe yote ya juu. Babu nimemkuta kasimamia mara 11, nikatamani kupiga kigelegele. Lakini kuna mwingine yuko mara 34, jina la ubatizo tu, hana jina la baba, hana kijiji. Nimeuliza wazee wanne, hakuna anayemjua. Mvuvi, itakuwa mmoja wa hao walionunuliwa? Huyu ndiye naanza naye sura ya kwanza, ugomvi wa koo hapo sijui utatokea wapi.