Boneti ya kaboni faiba ya Altezza imelainika juani, nirudie vipi? Na fenda nitanue kwa bati au kaboni?

Altezza98_Dar

Habari zenu wakuu. Nina Altezza ya 98 naiandaa kwa ajili ya maonyesho, sio ya kukimbizia, nataka ikisimama mtu aizunguke mara mbili. Mwaka jana nilijaribu kutengeneza boneti ya kaboni faiba mwenyewe uani kwangu. Nilichukua boneti ya kiwandani nikaipiga waksi, nikatandaza kitambaa cha kaboni juu yake moja kwa moja nikapaka rezini (ile gundi inayoganda ikawa ngumu) ya poliesta ya boti kwa brashi, tabaka 3, halafu nikapiga msasa mpaka ikameta. Siku ya kwanza ilipendeza kweli. Baada ya kama miezi miwili ikaanza unjano, ukiiangalia kwa pembeni ina mawimbi, na pale juu ya injini imebonyea, ukiigusa saa 8 mchana inatepeta. Halafu haikai sawa na fenda, kulia kidole kinapita, kushoto hata karatasi haipiti. Imeniuma sana maana hela yote ya kitambaa imekwenda.

Naomba kuuliza, nikirudia na epoksi inatosha? Na fenda za mbele nataka kuzitanua sentimita 5 kila upande, nazo niweke kaboni au nimpe fundi bodi azigonge kwa bati? Sitaki puti nene, nimeshaona gari ya jamaa puti imepasuka yote baada ya masika.

MzeeWaFaiba_Tanga

Kijana wangu pole. Mimi natengeneza boti na matangi ya faiba siku nyingi, kaboni nimeishika mara chache ila tatizo lako naliona na halikuanzia kwenye rezini. Wewe umetandaza kitambaa JUU ya boneti, kwa hiyo tumbo la boneti mpya ndilo lenye umbo la mgongo wa boneti ya zamani, na mgongo wake umeongezeka unene wote wa tabaka zako pamoja na kila tone la rezini. Lazima ikatae kukaa. Na uso unaoonekana ndio ule uliopitisha brashi, hayo mawimbi ni mkono wako na msasa.

Kazi hii ni kalibu, yaani unatoa umbo la boneti ya zamani kwa faiba, halafu kaboni unaitandaza NDANI yake. Ukishapata kalibu nzuri kaboni yenyewe ni kazi ya siku moja. Rudisha boneti ya kiwandani, nyoosha kila kibonyeo, msasa wa maji 800, 1200, 2000, halafu waksi mara 6 na kila mara uiache saa nzima kabla ya kufuta. Zungushia ukingo wa plaiwudi upana kama sentimita 8, huo ndio utakuja kushika plastiki ya vakyumu, ile inayofunika kazi na kunyonywa hewa ili kitambaa kibane. Paka jelikoti ya kalibu (rezini nzito ya tabaka la uso) mara 2, sio ile ya kupakia boti, halafu mati ya faiba pole pole, usibandike tabaka 6 kwa siku moja maana inachemka inajikunja. Unene wa kalibu uwe mara nne hivi ya boneti, ufunge mbavu za mbao au bomba kwa nyuma, halafu iache wiki nzima kabla hujaibandua. Watu wengi wanaharibu hapo, wana haraka ya kuona.

Na tafadhali sana, ile hadena (ya kugandisha rezini ya poliesta) na kobalti (ya kuiharakisha) zisikutane peke yake kwenye kikopo. Kobalti iingie kwenye rezini kwanza, ukoroge, ndipo hadena. Zikikutana zenyewe zinawaka moto, nimeona kijana ameungua mkono kwa hilo.

JuaKali_Nai

Sasa boss. Hapo kwa fenda ndio kazi yangu, mimi ni wa bati, na nakuambia fanya bati. Fenda inapigwa mawe na tairi, inagongwa na mlango, kesho ukitaka kuibadilisha kidogo bati unaligonga tu, kaboni ikipasuka unaanza kutafuta kitambaa tena. Hata uzito haukusumbui kwa gari ya kusimama, lakini ukitaka kujua hesabu, bati la chuma la milimita 0.8 mita moja ya mraba ni kilo 6 na ushee, alumini ya 1.2 ni kilo 3 na robo hivi, kaboni ya milimita 1 kama kilo moja na nusu. Kwa boneti hiyo tofauti utaisikia ukiinua, kwa fenda si kitu.

Puti nene inatoka kwa fundi ambaye hakutengeneza umbo kwanza. Chukua waya wa kuchomelea, kunja mistari ya fenda unayoitaka, shikanisha kwa spoti kama mifupa ya samaki juu ya fenda yako, simama mbali uiangalie, kunja tena, hata siku tatu. Waya unabadilika bure. Ukiridhika ndio unakata bati kwa kufuata hiyo mifupa. Kutoa tumbo unagonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga ama gogo lililochongwa shimo, ukingo unaukusanya. Ukitaka kuona watu wanaojua hiyo kitu nenda Kamukunji, kwa mafundi wa bati hapa Nairobi, usikie zile nyundo, mtu anatoa karai kwa bati tambarare bila mashine, huyo fenda yako haimshindi, anahitaji tu kuonyeshwa umbo.

Kuchomelea usivute mstari mrefu. Spoti moja hapa, nyingine mwisho ule, ungoje ipoe, ukivuta mfululizo bati linajikunja na hapo ndio puti inaanza kuitwa. Halafu pitisha faili bapa, palipong'aa ni pa juu, palipobaki peusi ni pa chini, unagonga kwa nyuma mpaka panafanana. Ukifika hapo puti ni ya kufunika mikwaruzo tu.

Kama utachagua alumini jihadhari na moto maana haibadiliki rangi, inayeyuka kwa nyuzi 660 na huoni kitu. Sisi tunapaka sabuni ya kipande, unapasha moto, sabuni ikiwa nyeusi unatoa moto hapo hapo, alumini imekuwa laini kama chapati.

Mswahili_Coventry

Nakazia ya mzee wa Tanga, kalibu kwanza. Mimi nafanya paneli za kaboni huku Uingereza, nimeanza kwa kufagia karakana, naongeza ya rezini.

Poliesta inanywea ikikauka na haishiki kaboni vizuri, tumia epoksi. LAKINI epoksi nyingi zinazokauka zenyewe bila oveni zinaanza kulainika kwenye nyuzi 50 na 60, na boneti nyeusi juani Dar pamoja na joto la injini inapita hapo kirahisi. Kwa hiyo ukishaivuta kwa vakyumu na ikaganda lazima uipike, ikiwa bado ndani ya kalibu, panda taratibu mpaka nyuzi 70 au 80 ukae masaa kadhaa kama karatasi ya rezini inavyosema. Kibanda cha fomu za godoro na hita yenye feni kinatosha, ila weka kipima joto sehemu tatu na usiondoke. Na kalibu yako lazima iwe ya rezini inayostahimili joto hilo, uliza kabla ya kununua.

Kwa vakyumu unaweza kutumia pampu ya mafundi wa friji na AC. Funga plastiki, vuta, zima pampu, ukae dakika 20, mshale ukisogea kuna tundu, tafuta mpaka ulipate kabla hujakoroga rezini. Joto la kwenu linaharakisha sana, usikoroge nusu kilo kwenye kopo dogo itatoa moshi mkononi, weka kwenye beseni pana na fanya kazi alfajiri. Njano inatoka kwa jua, hata epoksi itageuka, mwisho wake ni kliya (rangi ya juu isiyo na rangi) ya magari yenye kinga ya jua, mikono miwili mitatu.

Jambo moja ambalo limeharibu gari nyingi: kaboni isigusane na alumini. Ikipata unyevu, na nyie mko pwani, alumini inaliwa. Weka tabaka moja ya faibaglasi kati yao, na kwenye bawaba na kufuli zamisha vibati vya kushikia boliti ndani ya tabaka. Halafu vumbi la kaboni linapitisha umeme, linaua grainda. Vaa barakoa ya kweli.

Altezza98_Dar

Asanteni sana wakubwa, mzee wangu wa Tanga umenifungua macho, nilikuwa nalaumu rezini peke yake. Nimeamua fenda bati, boneti tu ndiyo kaboni. Kitambaa nilichopata ni cha upana wa mita 1 na boneti ni pana zaidi, niunge wapi?

Mswahili_Coventry

Katikati kabisa, usifiche. Piga mstari kutoka nembo ya mbele mpaka kioo, kata vipande viwili, ile mistari ya mshazari ya ufumaji wa kitambaa ikutane kama mfupa wa samaki, kulia na kushoto zitazamane. Hiyo ni tabaka ya juu tu, za chini ungia pembeni ili viungo visipangane. Kitambaa usikivute hata kidogo ukikibeba, kizungushe kwenye bomba, nyuzi zikishapinda hazirudi na watu watakuja kuangalia hapo hapo.

JuaKali_Nai

Na fenda zimalize kwanza ndio utoe kalibu ya boneti. Fenda zikiwa zimefungwa kwa gari, weka vipande vya plaiwudi ya milimita 4 kwa uwazi wa kati ya boneti ya kiwandani na fenda kila upande, ukiona zinalingana mbele mpaka nyuma hapo ndio uanze waksi.