Kiti cha mtoto cha gari kimegeuka kochi: asilimia 35, na faini juu yake

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikiruka mstari.

Nina duka dogo la vitu vya watoto hapa Dar. Februari niliingiza viti 40 vya watoto vya gari, vile vinavyofungwa kiti cha nyuma, kwa kontena la kuchangia. Wakala akavipeleka kwenye namba ya HS (mfumo wa dunia wa kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru) 8708.29, yaani vifaa vya gari. Nikapigiwa ushuru asilimia 10, VAT na tozo ndogondogo, nikalipa, mzigo ukatoka siku ya tano. Juni nikaagiza 60. Kiwanda kilekile, modeli ileile, mpaka rangi ya kijivu ileile. Wakala yuleyule, namba ileile. Safari hii mzigo ukaitwa ukaguzi.

Nikaenda mwenyewe bandari kavu. Afisa, kijana tu, akapasua boksi moja, akatoa kiti, akakigeuza juu chini. Kwa chini kuna stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na maandishi R129. Hiyo ndiyo alama kwamba kiti kimejaribiwa kwa kugongeshwa, kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Hakuisoma. Akavua kitambaa, akabonyeza sponji kwa kidole gumba mara mbili.

"Mama, hiki ni kiti. Kina sponji, kina kitambaa. Viti viko sura ya 94 ya kitabu cha ushuru."

Nikamwambia, mdogo wangu, hiki utakiweka sebule gani? Hata miguu hakina. Akacheka, akaandika.

Siku mbili baadaye wakala akanipigia: "Dada, imerudi." Imerudi na namba 9401.80, ushuru asilimia 35, na faini ya kutoa maelezo yasiyo sahihi. Hapo storeji inatembea kila siku kama mita ya teksi.

Pigeni hesabu na mimi. Chukua kila shilingi 100,000 ya thamani ya mzigo pamoja na bima na usafiri. Kwa asilimia 10 unalipa ushuru 10,000, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya 110,000, ambayo ni 19,800. Jumla 29,800. Kwa asilimia 35 ushuru ni 35,000 na VAT inakuwa 24,300, maana nayo inapigwa juu ya ushuru. Jumla 59,300. Mara mbili, kasoro shilingi 300, na tozo nyingine sijazigusa, wala hiyo faini.

Sasa hapa nitawaudhi waliokuja kunisaidia kutukana. Nimekesha nikisoma. Kwenye namba, yule kijana yuko sahihi. Maelezo ya Shirika la Forodha Duniani kwenye 9401 yanataja kabisa viti vya usalama vya watoto vinavyofungwa kwa mkanda wa gari. Na upande wa magari, maelezo yanasema viti vya gari havikai 8708, vinarudi hukohuko 9401. Wakala wangu alikosea. Lakini na waliopitisha mzigo wa Februari walikosea naye, kwa muhuri. Kama Juni mimi ni mwongo, Februari nilikuwa nani? Kosa moja tumelifanya watu wawili, faini kaletewa mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni kitabu chenyewe. Mkanda wa gari una namba yake, 8708.21. Eabegi ina yake, 8708.95. Vyote vifaa vya gari. Ule mkanda ulitengenezewa mtu mzima, ukimfunga mtoto wa miaka miwili unapita shingoni, ndiyo maana hiki kiti kikabuniwa. Kwa mtoto, kiti ndicho mkanda. Lakini kwa sababu kina sponji kimekaa sura moja na magodoro, makochi na nyumba za kuunganisha.

Halafu hiyo asilimia 35 ni bendi, yaani ngazi, ya nne ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ilianza Julai 2022, na samani ni mojawapo ya bidhaa zilizoingizwa humo ili viwanda vya kwetu vipumue. Sina ugomvi na hilo. Nendeni Keko: makochi mtapata, vitanda mtapata, tena kazi safi. Nitafutieni fundi mmoja pale anayetengeneza kiti cha R129. Tunamlinda nani?

Na dawa haihitaji kwenda Brussels, kwenye makao ya hilo Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, lakini mbili za mwisho ni zetu wenyewe. Mawaziri wetu wanakaa kila mwaka wakigawa nafuu za ushuru kabla ya Julai. Wakikata mstari wa viti vya usalama vya watoto ndani ya 9401.80 na kuuwekea kiwango chake, hakuna fundi wa Keko atakayelala njaa.

Nilimuuliza wakala kwa nini hatukuomba uamuzi wa awali wa namba, maana sheria ya forodha ya jumuiya inaruhusu kuuliza kabla mzigo haujafika. Akanijibu, "Dada, hiyo inachelewesha." Sawa kaka. Sasa tumewahi.

Juzi alikuja dukani baba mmoja, ana mtoto wa miezi minane. Nikamtajia bei mpya. Akashukuru kistaarabu, akatoka. Dirishani nikamwona mkewe akikaa mbele, mtoto kampakata, mkanda kaupitisha juu yao wote wawili.

Kwa kifungu cha 229 cha hiyo sheria ya forodha ya jumuiya nina siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya, zimebaki 18. Nimeambiwa kamishna naye ana siku 30 za kujibu, akinyamaza maombi yanahesabika yamekubaliwa. Mwenye uzoefu wa kupinga faini peke yake, bila kupinga namba, anielekeze: niambatanishe karatasi za Februari au nitakuwa najichongea mwenyewe wadai na tofauti ya ule mzigo wa kwanza? Hilo ndilo linaninyima usingizi. Mwanasheria niliyempata anataka hela ya viti sita.