Naomba ushauri: "thee" na "you" katika Luka 22, nisomeje?

Mleta uzi:
Habari za jioni wakuu. Jumapili nasoma somo la Kiingereza ibadani, na mchungaji anataka Biblia ya King James, ile tafsiri ya 1611. Nimepangiwa Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "hath desired to have you", halafu mstari unaofuata "I have prayed for thee". Anayeambiwa ni yuleyule, mbona neno linabadilika? Kuna mzee kanisani anasema "thee" ni ya heshima, nikiifikia nishushe sauti. Mnanishauri nini?

Mwl_Kiingereza:
Fungua Biblia yako ya Kiswahili hapohapo: Shetani "amewataka ninyi", lakini Yesu anasema "nimekuombea wewe". Enzi hizo "thou" na "thee" zilikuwa za mtu mmoja, "ye" na "you" za wengi. Shetani anataka kuwapepeta mitume wote, Petro anaombewa kwa jina lake. Kiingereza cha leo kinasema "you" kotekote na utamu wote huo unapotea, inaniuma sana. Kwa hiyo usishushe sauti. Itie mkazo "thee", msikilizaji asikie kwamba sasa anazungumziwa mmoja.

Mpenda_Historia:
Na hiyo heshima ni kinyume kabisa, mkuu. Mkubwa aliitwa "you" hata akiwa peke yake, "thou" akaachiwa mdogo au mtu wa karibu. Mwaka 1603, kwenye kesi ya Walter Raleigh, mtu mashuhuri wa Uingereza, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita "thou" makusudi ili amdhalilishe. Baadaye Wakweka (Quakers), kundi la Wakristo wa Uingereza, walimwambia kila mtu "thou", hata mahakimu, kwa kuwa kwao binadamu wote ni sawa, na wengi waliona wamekosewa adabu. King James yenyewe haipimi cheo. Mungu anaitwa "thou", na Shetani vilevile.

Dada_Kwaya:
Matamshi nayo yaangalie. "Thee" inaanza na dh ya dhahabu, tamka "dhii". "Thou" ni "dhau". Ila "hath" inaishia na th ya thelathini. Wengi wanachanganya hapo, na kwenye spika inasikika.

Mleta uzi:
Asanteni sana, barikiweni. Nimeangalia na Yohana 3:7, "I said unto thee, Ye must be born again". Ni hivyohivyo?

Mwl_Kiingereza:
Hivyohivyo. "Nilikuambia, Hamna budi." Anayeambiwa ni Nikodemo, wanaopaswa kuzaliwa mara ya pili ni wote.